Maji Tuliyoyaweka Namba Tisa

Vijana wangu, majuma matatu yaliyopita wenzenu sita wa mtaa wetu wa Katuba waliingia kwangu na memo, yaani barua ya maombi ya mtaa kwa mbunge, ndani ya simu, wakaniomba niwakosolee Kifaransa tu. Nilipofika namba kumi nikaanza kucheka, nilipofika ishirini nikavua miwani. Mambo yalikuwa arobaini na matatu. Barabara, umeme, madawati, taa, ofisi ya vijana, na la mwisho kabisa jezi mpya za timu ya mpira. Kura zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa, tumepata majorite mpya, yaani upande mpya wenye viti vingi, na kila mtaa wa Lubumbashi ulikuwa umeshika kalamu kuwaambia wabunge waanzie wapi. Haki yao kabisa. Ila kazi hiyo ya kuandika memo ndiyo iliyonilisha mimi miaka thelathini na nane, na kosa langu kubwa kuliko yote bado liko hapa Katuba, dakika kumi kwa mguu kutoka mlangoni kwangu. Mkunga mmoja amebakiwa na miezi michache ya kazi kuona kama litasahihishwa. Nawasimulia ili na ninyi msilifanye.

Wasionijua, mimi ni Baba Mukendi wa mashini. Kibanda changu kilikuwa mjini, karibu na mabenki, na ubaoni nilikuwa nimeandika kwa rangi ya bluu: SEKRETARIA, TUNACHAPA KILA KITU. Na kweli tulichapa kila kitu. Maombi ya kazi, mikataba ya nyumba, mitihani ya shule, barua za kuomba msamaha kwa wakwe. Barua za mapenzi nilizipokea asubuhi tu, wakati kichwa bado chepesi, maana ikifika saa tisa kila mpenzi alitoka kwangu akiwa "mwombaji mnyenyekevu anayesubiri jibu lako la haraka". Kijana mmoja alirudi kunilalamikia kwamba mchumba wake alimjibu kwa barua yenye namba ya faili.

Lakini msimu wetu mnono ulikuwa baada ya uchaguzi. Desturi mnaijua. Mbunge akishachaguliwa anarudi kuwashukuru watu, viti vinapangwa, ngoma zinalia, halafu mtu mmoja anasimama kusoma memo ya mtaa. Mbunge anaipokea kwa mikono miwili, anainamisha kichwa, anampa mtu wake aiweke kwenye mkoba. Kwa hiyo siku hizo wajumbe wa mitaa walipanga foleni kibandani kwangu tangu asubuhi, kila mmoja akilinda mambo yake kama mama anavyolinda sufuria siku ya sherehe.

Kazi nilifundishwa na Ma Albertine, mjane aliyechapa bila kuangalia vidole huku akitafuna karanga. Hakunipigia kelele hata siku moja. Ukikosea herufi, aliichomoa karatasi yako polepole kutoka kwenye mashini, akaikunja, akaiweka kando ili kesho afungie karanga, na wewe ukaanza upya. Mambo aliyonifundisha nawapa bure, hata kama leo mnachapa kwa kidole gumba. Tengenezeni nakala tatu, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na irudi nyumbani nanyi, la sivyo mwakani mtaambiwa hamkuwahi kuomba kitu. Herufi ziwe kubwa, kwa sababu wakubwa huacha miwani ndani ya gari. Msomaji asiwe yule anayependa maikrofoni, maana atashukuru mpaka watu wasikie njaa. Na memo msimpe mtu wa mkoba, mpeni mbunge mwenyewe, mkononi. Mkoba ule nimeuona ukimeza memo za komini nzima, mitaa yake yote, na siku ya pili uko mwembamba vile vile.

Fundisho lake la mwisho ndilo lililoniponza. Aliniambia siku moja mchana, huku akipuliza maganda ya karanga kutoka kwenye mashini yake.

"Mukubwa hasomaka memo," alisema. "Anapimaka uzito na mukono. Ikikuwa mwepesi, anawaza na shida yenu iko mwepesi."

Niliamini neno kwa neno. Tena tulilipwa kwa ukurasa, kwa hiyo fundisho lile halikupata shida kuingia kichwani mwangu. Nikatengeneza mfano wangu, memo ya kurasa saba iliyoanza na utukufu wa ushindi wenu na kumalizika na sisi watiifu wenu, na katikati mambo kumi na mawili yanayofaa mtaa wowote chini ya jua. Wakati wa mashini niliubandika ukutani nikaunakili. Kompyuta zilipokuja nikauweka ndani, nikawa nabadilisha jina la mtaa tu. Nilijiona nimekuwa mjanja kumpita mwalimu wangu.

Mwezi mmoja baadaye ujanja ule ulinitia aibu. Wakaaji wa Golf, kule kwenye majumba makubwa na bustani, walitaka memo kuhusu baa moja iliyokuwa ikipiga muziki mpaka wakakosa raha. Nilikuwa na haraka, nikabadilisha jina. Mwenyekiti wao, bwana mpole mwenye tai ya hariri, akakaa mbele yangu kuisoma kabla ya kuondoka. Akafika pale palipoandikwa kwamba sisi wakaaji wa Golf tunaamka alfajiri kutafuta maji, bidoni kichwani, watoto wetu wakisinzia njiani. Akasoma mara mbili. Kisha akaniuliza taratibu, "Papa Mukendi, bale bantu beko mu Golf gani? Kwangu batoto banaogelea mu lupango." Yaani uani kwake kulikuwa na bwawa la kuogelea. Nilicheka naye, nikachapa upya, nikasimulia kisa kile kwenye kila msiba na kila harusi. Ilinipasa kuogopa, lakini mimi nilicheka.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe. Ilikuwa baada ya uchaguzi mwingine wa zamani, na majorite mpya ya wakati ule. Mama Sifa alikuja kibandani na wanawake wanne. Yeye ni mkunga wa maternite, yaani nyumba ya kuzalishia, ya mtaa wetu, na siku zile alikuwa bado kijana, mikono yake inanukia sabuni hata akiwa mjini. Maternite ile haikuwa na tone la maji ya bomba. Kila mama aliyekwenda kuzaa alikwenda na bidoni mbili, madumu ya maji ya lita ishirini kila moja, nyingine amebeba mwenyewe, nyingine amebebewa na dada au jirani kama anaye. Bila bidoni hakuna cha kunawia mikono, hakuna cha kufulia shuka, hakuna cha kumwogeshea mtoto. Mama Sifa alitaka majorite ichimbe kisima cha mashine na kuleta bomba mpaka chumba cha kuzalishia.

"Andika tu ile, Baba," aliniambia. "Maji. Kintu moya."

Mimi fundi nikaona haya kwa niaba yao. Memo ya jambo moja, karatasi moja ambayo hata haikujaa. Nilimwona mbunge akilini mwangu akiipima mkononi na kuicheka. Nikamwambia Mama Sifa aniachie mimi, ameangukia kwa mtu aliyesoma, arudi Ijumaa. Akashukuru, akaondoka na wenzake.

Nikafungua mfano wangu. Namba moja nikaweka jambo lililoonekana zuri kwenye karatasi: rond-point, yaani mzunguko wa magari, penye njia panda yetu, wenye maua na taa, kwa heshima ya komini. Hakuna mtu aliyeniomba rond-point. Nilipenda tu jinsi sentensi ilivyokaa. Namba mbili soko, tatu umeme, na kuendelea. Maji ya maternite yalikwenda namba tisa, kati ya takataka na uwanja wa mpira, na hapo nikayapamba kwa Kifaransa kirefu mpaka ukisoma huwezi kujua kama naomba bomba au naomba radhi.

Juma lile lile akaja Papa Kambale, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, Mkristo mwenye kuimba zaburi akipakia gunia. Alikuwa na malori matatu, na nafikiri nusu ya maharagwe ya mji huu yalipita mikononi mwake. Yeye na wenzake walitaka jambo moja, kizuizi fulani cha barabarani kilichokuwa kikisimamisha malori yao kutwa nzima kiondolewe. Nikamshauri aongeze mengine, nafasi ipo, majorite ni mpya na mioyo yao bado ni laini. Akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Mimi nikituma chauffeur wa lori langu sokoni na vitu kumi, anarudiaka na chumvi tu," alisema. "Nikitaka mafuta kweli, ninamutuma mafuta peke yake."

Nikamchapia ukurasa wake mmoja, nikamsikitikia kimoyomoyo. Miezi mitatu baadaye kizuizi kikaondolewa. Mtaka yote hukosa yote. Methali hiyo nilikuwa nimeichapa kwenye mitihani ya shule zaidi ya mara kumi, na sikuwahi kuisikia.

Siku ya memo yetu ikafika. Msomaji alisoma kurasa zote saba, watu wakapiga makofi mara tano, na mara moja ni mimi niliyeanzisha. Mbunge wa wakati ule alisikiliza namba moja vizuri. Namba mbili alitikisa kichwa. Namba tatu mtu akamnong'oneza kitu sikioni, na tulipofika namba tisa alikuwa akisalimia mtoto wa mtu. Mimi nilikuwa namwangalia Mama Sifa, aliyekaa safu ya pili. Alikuwa ameinua shingo tangu namba moja akingojea maji yake. Yalipopita akashusha shingo, akaangalia mikono yake.

Mbunge akasimama akasema amesikia kilio chetu, na kwa kuwa sisi wenyewe tumepanga namba, yeye ni nani apangue. Ataanza na namba moja. Na akatimiza, vijana. Ndilo linalonichoma mpaka leo. Kama angetudanganya, ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Kabla ya mwaka kwisha tulikuwa na rond-point yenye kingo nyeupe na nyekundu, maua ambayo mbuzi waliyamaliza kwa wiki mbili, na taa moja. Maharusi walikuwa wakienda kupiga picha pale. Mimi nilipazunguka kila asubuhi ndani ya basi nikienda kazini, na sikuwahi kuketi upande wa dirisha.

Miaka miwili baadaye binti yangu wa kwanza akashikwa na uchungu, asubuhi ya Jumapili. Mama yake akamshika mkono, mimi nikafunga bidoni mbili kwenye baiskeli, moja huku na moja huku. Moja ilikuwa na kifuniko kibovu. Nilikuwa nasukuma baiskeli kwa haraka, tena nimevaa tai ya kanisani, na nilipofika maternite bidoni ile ilikuwa na nusu tu. Mama Sifa akanipokea mlangoni. Akazitikisa zote mbili, sikio karibu, jinsi mchuuzi wa sokoni anavyotikisa nazi.

"Hii itaenea mama," alisema. "Ya mutoto tutaomba kwa mwenzake."

Mjukuu wangu aliogeshwa siku ya kwanza ya maisha yake kwa maji ya mwanamke mwingine, na mpaka leo sijui jina la mwanamke yule. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje nikalia. Nililia kwa aibu, si kwa kitu kingine. Mama Sifa alipotoka kuniambia ni msichana, na wote wazima, nikasimama nikamwambia kweli: mimi ndiye niliyeyaweka maji yako namba tisa, na ile namba moja hakuna aliyeiomba.

"Nilijua, Baba," alinijibu. "Nilisikia wakati balisoma."

"Juu ya nini haukusema kintu?"

"Ulisema ulisoma. Nikawaza unajua."

Hakusema kwa ukali. Alisema tu, akarudi ndani kwa wagonjwa wake. Ningeweza kuvumilia matusi, lakini lile la kuniamini lilinilaza na njaa siku mbili.

Jumatatu nikaufuta mfano wangu. Tangu hapo kila mjumbe aliyekuja na orodha nilimwuliza swali moja kabla ya kugusa kompyuta: wakikupa jambo moja tu halafu wafunge mlango, unataka lipi? Wengi waliudhika. Walivuka barabara kwenda kwa jirani yangu aliyekuwa bado anachapa memo nene kama Biblia. Sikuwalaumu, maana Ma Albertine alikuwa fundi, na bado naamini fundisho lake lilifaa wakati wake, wakati mkubwa alikuwa kweli hasomi. Wa siku hizi wanasoma. Wanasoma sana, kisha wanachagua lililo rahisi, na sisi ndio tunaowapa la kuchagua.

Na maji je? Zilikuja kura nyingine na majorite nyingine. Moja ilileta mabomba mpaka kwenye lango la maternite, yakaishia hapo, makavu, na watoto wakawa wanayatumia kama farasi. Nyingine ilianza kuchimba, mashine ikaharibika, likabaki shimo ambalo Mama Sifa alilifunika kwa mbao asipoteze mgonjwa. Bidoni zimeendelea. Mama Sifa naye nywele zimekuwa nyeupe, na mwisho wa mwaka huu anastaafu. Alimwambia mke wangu kwamba hataki sherehe wala kitenge cha kuagwa. Anataka kunawa mikono kwenye bomba, ndani ya chumba kile cha kuzalishia, hata mara moja, kabla hajavua aproni.

Ndiyo maana nilipopewa simu ya wale vijana sita niliyatafuta maji ya maternite kwanza. Niliyakuta namba thelathini na moja. Nikafikiri, Mukendi, walau wewe uliyaweka tisa.

Nikawasimulia yote niliyowasimulia ninyi sasa. Kisha nikawauliza swali langu. Wakaanza kubishana wote kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja alikuwa na jambo lake ndani ya orodha na nyuma yake watu waliomtuma. Kijana wa jezi alizitetea kana kwamba amezizaa. Aliyemaliza ubishi ni Ruth, kiongozi wao, binti anayefundisha darasa la nne. Lake lilikuwa namba mbili, madawati, na msidhani lilikuwa jambo dogo. Wanafunzi wake wanakaa juu ya matofali, daftari magotini, na nusu yao wamepinda mwandiko. Aliichukua simu, akaliangalia jambo lake kwa muda, akalifuta.

"Batoto bangu banaweza kungoja," alisema. "Mama mwenye kuzaa hawezi."

Macho yake yalikuwa yamelowa, sitawaficha. Baada ya hapo wakafuta mmoja mmoja. Wa jezi alikuwa wa mwisho, na aliomba ikumbukwe kwamba alipinga.

Nikawapa ushauri mmoja zaidi, wa mwisho nilionao. Nikawaambia waache Kifaransa. Miaka yote ile niliwaandikia watu wa Katuba kwa lugha ambayo nusu ya waliopiga makofi hawakuifuata, nikiita hiyo heshima. Basi Ruth akaandika kwa vidole gumba sentensi moja, nami sikukosoa hata herufi: Sisi bakaaji tunaomba maji ya bomba mu maternite yetu, juu mama aende kuzaa akibeba mimba yake tu.

Mtaniuliza natumaini nini basi kwa majorite hii mpya. Sitawadanganya kwamba nina matumaini makubwa, ila ninayo, na mzee asiyekuwa nayo anakuwa mzigo mezani. Sitarajii wafanye mengi. Natumaini wataketi mwanzoni kabisa, kabla ya magari na ofisi, na kukubaliana mambo mawili au matatu ambayo wakishindwa wataona haya kupita barabarani. Natumaini watatuambia na yale ambayo mwaka huu hawatayafanya. Maisha yangu yote sijamsikia mbunge akisema, hili msilitegemee. Siku nitakayolisikia nitampigia makofi mimi wa kwanza, hata kama ni barabara yangu.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwenye uwanja wa shule. Mbunge wetu mpya ni kijana, suti yake bado ina mikunjo ya dukani. Mitaa mitano ilisoma kabla yetu, na kila memo ilipokwisha alijibu vizuri, kuhusu barabara hivi, kuhusu umeme vile. Ruth akasimama, akasoma sentensi yake, akampa karatasi mkononi, akarudi kuketi. Mbunge akangoja. Akaigeuza karatasi nyuma, nyuma hakuna kitu.

"Na ingine?" aliuliza.

"Hakuna ingine, Honorable."

Akaanza kujibu, "Kuhusu barabara," kisha akakumbuka kwamba sisi hatukuomba barabara. Watu wakacheka, naye akacheka, na hapo nikampenda kidogo. Lakini baada ya kicheko alibaki amesimama na ile karatasi bila pa kwenda. Ndipo Mama Sifa akainuka kutoka safu ya pili.

"Honorable, miye minatoka kazi mwisho wa mwaka," alisema. "Hapana kuniambia utafanya. Kuya kwanza uone."

Akaahidi kuja Jumatatu saa mbili. Nilimwambia mke wangu awahi kupika bukari, ugali wetu, maana hatutakawia huko, mtu yule haji. Saa tatu kasoro gari lake likasimama mbele ya maternite, akashuka, na mtu wa mkoba nyuma yake. Mama Sifa alikuwa amesimama langoni, bidoni mbili tupu miguuni. Alimsalimu kwa heshima zote. Kisha akamweleza kwamba sheria ya nyumba hii ni moja kwa wote, hapana mtu anayeingia chumba cha kuzalishia bila maji, na kisima kiko kule ng'ambo ya soko dogo. Mtu wa mkoba akanyoosha mkono kuzichukua. Mama Sifa akamtazama, na mkono ukarudi.

Mbunge akachukua moja akasema inatosha kuona. "Ziko mbili, Honorable," alisema Mama Sifa. "Moya ya mama, moya ya mutoto."

Basi tukaenda. Alingoja zamu yake kisimani nyuma ya wanawake watatu, akavuta maji mwenyewe, akajaza. Vijana walikuwa wametoa simu kumpiga picha, Ruth akawaambia wazirudishe mfukoni. Njia ya kurudi inapanda kidogo, na mtu asiyezoea huijua kwa magoti. Viatu vyake vililowa, koti likashuka begani. Katikati ya mwinuko akaziweka bidoni chini, akajinyoosha, akaanza kupuliza vidole vyake vilivyokuwa vyekundu. Sisi sote tukasimama. Mama Sifa akasimama kando yake, akamngoja, bila haraka.

"Pumuzika kidogo, Honorable," alimwambia. "Bamama banapitaka hapa na mimba."

Mbunge akamwangalia, kisha akaangalia zile bidoni mbili. Akainama, akazishika tena zote mbili, akaendelea kupanda, na sisi tukamfuata mpaka ndani.